Mwarobaini Uliozuia Mawimbi

Dada yangu alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, tuliweka intaneti nyumbani Isiolo kwa ajili ya baba. Miaka mingi ya kuendesha lori kwenye barabara ya Merti ilikuwa imemharibu masikio, na sauti ya simu peke yake haikumsaidia. Alihitaji kuona midomo ya binti yake.

Kila Ijumaa baada ya sala alikaa uani chini ya mwarobaini, mimi nimemshikia simu. Wakati wa kiangazi walionana vizuri. Mvua ikinyesha, picha iliganda, dada akabaki mdomo wazi huku sauti ikiendelea.

"Anasema nini?" baba aliniuliza. Nikawa namrudishia kila neno kwa kelele, majirani wakijua mambo yetu yote.

Tukaita fundi, mama mmoja wa Kimeru mchangamfu. Alipanda juu ya mabati penye antena yetu, akautazama mnara wa mtandao ulio mlimani, akashuka.

"Mzee, shida ni huu mti. Majani yakilowa yanachafua mawimbi. Wimbi likifika safi, redio ya antena hulipakia data nyingi kwa mpigo mmoja. Likichafuka, inabadilisha modulesheni, yaani namna ya kupakia, inapakia kidogo ili kisipotee njiani. Hicho kidogo kinatosha sauti. Picha inakwama."

Nilimweleza baba sikioni. Akaelewa haraka kuliko mimi.

"Kama lori kwenye matope. Unapunguza mzigo ndiyo ufike."

Fundi alisema mlingoti mrefu ungeipandisha antena juu ya majani, ila ungechukua muda kufika. Nikasema tungoje. Mwarobaini ule mama yetu aliupanda kwa mikono yake kabla hajafariki, akiulea kwa maji ya kufulia.

"Nimengoja vya kutosha," baba akasema. "Ukatwe."

Ukakatwa siku hiyo hiyo. Ijumaa iliyofuata manyunyu yalikuwa yakidondoka, lakini picha ilikuja safi, hata kipini cha pua cha dada kikaonekana. Alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Aabo," akamwita baba, "uko kwa nani?"

"Niko nyumbani."

"Mti wa mama uko wapi?"

Baba aliyasoma maneno hayo mwenyewe, bila mimi kuyarudia.

"Nimeukata nikuone."

"Sawa, Aabo," dada alisema. Muda si muda akasema anaitwa wodini.

Jioni aliniandikia ujumbe. Alisema picha ilipoganda upande wake haikumsumbua kamwe. Ilimwachia baba na mwarobaini pamoja, akawatazama mpaka laini irudi. Nilimsomea baba ujumbe ule. Ningejua, ningeufuta. Aliomba nisome tena, kisha akatoka, akasimama kando ya kisiki, mkono kiunoni, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Siku hizi anapiga simu akiwa sebuleni, mgongo ukutani. Mtandao haujakwama tena. Wanaulizana afya, mvua, hali ya mifugo ya mjomba kule Biliqo, na mara nyingi baba ndiye huaga kwanza.