Mjomba wa Kuazima

Niliofundisha nao shule ya msingi pale Kasulu wanaujua mdomo wangu. Sikuwa mtu wa kuambiwa neno nikaenda nalo nyumbani kimya kimya. Nililirudisha hapo hapo, awe mwalimu mkuu, awe mkaguzi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mwaka 2013 nilikaa miezi chungu nzima kwenye chumba kimoja na watu watatu, nina la kusema na siwezi kulisema, wanacheka. Wanadhani nimeanza utunzi.

Na utunzi ndio uliokuwa umetukusanya. Tulikuwa tunaandika filamu. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitenge la mzee mmoja wa swala tano, mtu wa asili ya pwani, aliyetuachia meza na viti kwa sababu tu alipenda filamu. Dairekta wetu alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyekuja Kasulu kumfuata mchumba, mchumba akaolewa, yeye na kamera yake wakabaki. Mwigizaji mkuu alikuwa dada mmoja fundi cherehani, machozi yake yako karibu kuliko ya mtoto. Wa tatu alikuwa bwana shamba mstaafu, Muha wa kuzaliwa, aliyeigiza wazee wote na aliyejua koo za watu kutoka hapo mjini mpaka Munanila mpakani. Mimi nilikuwa mwandishi, maana nafundisha Kiswahili na mwandiko wangu unasomeka.

Tulikuwa na sheria moja. Kila sini inasomwa kwa sauti, na asiyeiamini anasema "sikubali". Lakini ukishasema sikubali, unatoa nyingine hapo hapo, iliyo bora. Kukataa tu halafu ukakunja mikono, hakuna. Sheria hiyo niliileta mimi, kuwakomoa watu wa kukataa-kataa, na siku ile niliiona ya akili sana.

Stori yetu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, mzee aliyejifanya kiziwi ili asikie wanawe wanamsemaje. Tungeendelea nayo tungekuwa salama. Ila likatokea shirika moja la Kibondo, likasema litatusaidia taa na usafiri kama tutaigeuza iguse habari za watu waliohamia huku kutoka ng'ambo ya mpaka. Dairekta akarudi na habari hiyo macho yanang'aa. Tukakaa kuibomoa stori.

Fundi cherehani ndiye aliyeanza. "Kuwe na mama," alisema. "Alivuka zamani akiwa msichana, akaolewa huku, akajificha. Hata majirani hawajui."

Dairekta akapiga meza kwa furaha. Mimi nikainama nikajifanya naandika.

Niseme wazi. Alikuwa anamsema mama yangu, bila kujua. Mama alivuka mpaka akiwa msichana, kwao kulipoharibika. Baba, Muha wa kijiji kimoja mbele ya Kabanga, akamwoa, akamwingiza kijijini akisema huyu ni mtu wa Kibondo. Nani angebisha? Lugha zinakaribiana na maharage wanalima yale yale. Baba akafariki, mama akabaki mtu wa Kibondo asiye na karatasi hata moja. Mimi mwenyewe nililijua hilo wiki ya mahari yangu, kwa kuwa mbuzi wa mjomba alikuwepo na mjomba hakuwepo. Kwetu binti haondoki mpaka kaka wa mama yake asimame mbele ya watu, ajitaje ukoo, apokee kilicho chake. Mama akaenda gulioni Munanila akarudi na fundi baiskeli. Akaniambia, "Huyu ni kaka yangu. Msalimie." Nikamsalimia. Yule bwana alipokea mbuzi kwa adabu zote, akatoa na wosia mrefu wa ndoa, wakwe zangu wakaguna kwa kuridhika. Naweza kuyaandika haya leo kwa kuwa mama amekwisha kulala kaburini, hakuna wa kumpakia tena.

Maana mwaka ule watu walikuwa wanapakiwa. Kambi moja ilikuwa imefungwa, operesheni imepamba moto, na malori yalikuwa yanapita vijijini kuwakusanya wasio na vibali. Jirani ya mama, mwanamke aliyezaa watoto wake wote hapa, alipandishwa lori na kanga aliyokuwa anapalilia nayo, watoto wakabaki na baba yao. Aliyekuwa anaulizwa nani ni nani ni mtendaji wa kijiji. Neno moja likitoka kwenye chumba kile, mama yangu angekuwa kwenye lori linalofuata.

Nikasema sikubali. Wakasubiri nitoe nyingine. Nikatoa ya mwanamume aliyetoka Kongo, anauza vitenge kambini Nyarugusu, anazungumza Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa. Walinisikiliza, masikini, kwa heshima. Dairekta akasema, "Mwalimu, huyo hajifichi. Huyo kila mtu anamjua." Sheria ikanibana. Mama aliyejificha akapita.

Kuanzia hapo nilikuwa natazama watu watatu wakipapasa gizani kuelekea mlango wa nyumba yetu. Wakikosea, nanyamaza. Wakipatia, nanyamaza pia. Siku moja waliuliza mama huyu anajificha vipi asigundulike. Nilijua jibu lote. Nikaandika upuuzi, eti anavaa ushungi mkubwa na kutembea usiku. Wakacheka mpaka fundi cherehani akafuta machozi. "Mwalimu siku hizi una nini?" aliniuliza. "Wewe ndiye uliyekuwa unatufundisha kuandika." Niliumia. Kuandika vibaya kwa makusudi na kuchekwa ni adhabu nisiyomtakia mwalimu yeyote.

Tulipokwenda Kibondo kuwasomea watu wa shirika, ilikuwa mbaya zaidi. Barabara ile ya vumbi, tumebanana, bwana shamba akanigeukia. "Mwalimu, si mama yako ni wa huku? Kijiji gani, tupite tumsalimie mjomba."

"Walishahama," nikasema. "Wako Geita, machimboni."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nilimchukia kwa huruma ile, na alikuwa mtu mwema, hajawahi kunikosea.

Ni yeye huyo huyo aliyetukamilishia stori. Tulikuwa tumekwama: mwanamke wetu atagundulika vipi? Dairekta alitaka barua iokotwe. Bwana shamba akasema sikubali. "Sisi huku hatukamatani kwa barua," alisema taratibu, anachokonoa meno. "Atakamatwa kwenye mahari ya binti yake. Mjomba yuko wapi? Hana. Basi ataazima mjomba. Na mjomba wa kuazima siku moja atakutwa gulioni, atasalimiwa kwa ukoo, ataitika ukoo mwingine."

Dairekta akasimama akamkumbatia yule mzee. Fundi cherehani alikuwa analia tayari. Wakanitazama mimi, mwandishi. "Andika, mwalimu, usije ukasahau." Niliandika. Ukurasa ule ilibidi niunakili upya jioni, mwandiko haukusomeka. Sijui yule mzee aliwahi kumfikiria mama hata dakika moja. Nilimkodolea macho siku nyingi baada ya hapo nikitafuta dalili, sikuiona.

Mwisho wa filamu ukaletwa. Majirani wanamzunguka mama, wanamkataa, lori linakuja, binti anabaki. Nikasema sikubali kwa sauti iliyowashtua. "Haya, lete mwingine," akasema dairekta. Sikuwa na mwingine. Nilikuwa nautafuta mwisho mwingine kila nilipolala na kila nilipoamka, sio wa filamu yao bali wa mama yangu, na ningeupata nisingewapa bure kwenye kikao. Mwisho wa lori ukapita.

Kumbe bado. Ikaja lokesheni, mahali pa kupigia picha. Bwana shamba akapendekeza kijijini kwa mama yake mwalimu, pana uwanja mzuri mbele ya ofisi ya mtendaji, na akina mama wa pale ni wachangamfu, watafaa kuwa majirani. Nikataja uwanja wa shule yetu. Dairekta akasema kwa upole kwamba shule ni shule, haiwezi kuwa kijiji. Ningesema nini tena? Ningezidi kukataa wangeniuliza kuna nini kwa mama yako.

Jumamosi nikatangulia kwa mama. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsimulia filamu yote, mjomba wa kuazima na kila kitu, huku nimeshika magoti kama mtoto aliyevunja chungu. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Hapana, mama. Wamefika wenyewe."

"Ego," alisema, yaani ndiyo, amesikia. Alitupa maganda. "Na huyo mwanamke, wanampeleka wapi?"

"Anapakiwa kwenye lori."

"Na binti yake?"

"Anabaki."

"Anajua?"

"Mwanzoni hajui. Majirani wanapokuja kumwambia, anasimama tu kama mti, haelewi wanamsema nani."

Nikamwomba siku ya kupiga picha aende zahanati, aseme mgongo unauma, akae huko mpaka tumalize. Mama alinitazama kwa jicho la mtu anayemtazama msomi akivuka barabara bila kuangalia. "Kijiji kizima kitakuwa uwanjani, mimi niwe wapi? Mtendaji ataniuliza nilikimbia nini." Akaendelea kupukuchua. "Nitakuja."

Siku ya kupiga picha uwanja ulijaa. Mtendaji aliletewa kiti, akakaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, kibali chetu kipo mfukoni mwake. Binti tuliyempanga aigize mtoto wa mwanamke wetu alikuwa anasomea uuguzi Kabanga, na asubuhi akapiga simu kwamba amepangiwa zamu. Dairekta alishika kichwa, halafu akanitazama. "Mwalimu, simama wewe. Nachukua mgongo tu na nyuso za majirani. Uso wa binti tutauchukua siku nyingine." Akachora alama kwenye vumbi kwa kisigino. Nikaenda nikasimama juu yake.

Akina mama hawakuweza. Walitakiwa wanijie kwa ukali waniambie mama yako si wa hapa. Wakawa wanafunika midomo kwa kanga, wanacheka, mmoja akaanza kwanza kunisalimia, habari za watoto, habari za shule, maana utamfokea vipi mtu hujamsalimia? Dairekta alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mtendaji naye akaanza kuangalia saa. "Aanze mmoja tu," dairekta aliomba. "Mmoja, wengine watafuata."

Mama akatoka katikati yao. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuja hadi hatua chache kutoka kwangu, akaweka mkono kiunoni.

"Mama yako si mtu wa hapa," alisema. Hakupiga kelele. "Tumekula naye, tumelima naye, ametudanganya. Yule aliyekula mbuzi wako si mjomba wako, ni mtu wa kuokota gulioni. Mama yako hana kaka. Hana ukoo. Mwambie afunge mzigo wake arudi kwao, na wewe usimlilie, maana ukimlilia watakuuliza na wewe."

Wale wengine wakapata moto. Wakaja nyuma yake wakifoka, kwa Kiha na kwa Kiswahili, vidole juu. Nilisikia mtendaji akicheka nyuma yangu, akimwambia mtu, "Huyu mama mkali. Huyu ndiye wa kumpeleka kwenye operesheni." Fundi cherehani, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri sini yake, alikuwa analia kweli kweli. Mama hakumtazama mtendaji wala kamera. Alinitazama mimi, macho makavu, na mimi nilimwelewa kila neno.

"Simama hapo hapo," dairekta akapaza sauti. "Safi sana, mama. Umeua. Ila mwalimu, mabega yanatikisika. Binti hajui kitu bado, anasimama tu. Tulia. Tunarudia."

Mtu mmoja akamletea mama maji, akanywa, akamrudishia kikombe na kumshukuru. Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu nikaikunja mbele. Nikatuliza mabega. Mama akarudi nyuma hatua zake chache, akaweka mkono kiunoni, akaanza upya.