Nilivyoelekezwa Kibla Nikiwa Mzima

Nakiri mbele yenu: mimi, mwalimu na msomi wa chuo kikuu, nikiona koti jeupe presha yangu hupanda. Juzi nilihitaji cheti cha afya ili nipewe ukuu wa shule. Enfermeira, yaani muuguzi wa zahanati, aliponipima aliguna, akaahidi kurudia kipimo baadaye. Nikafumba macho pale kwenye benchi, nikanong'ona dhikiri ili nitulie.

Bibi mmoja wa kijiji cha Mute, aliyeketi kando yangu, akadhani nakata roho, akawaita wagonjwa wengine.

"Mwalimu anatutoka. Mlazeni, mwelekezeni kibla."

Nikalazwa, nikafunikwa kanga. Niliona haya kumsahihisha mtu mzima. Isitoshe, nilistarehe mno.

Enfermeira akarudi, akanipima tena. "Presha nzuri kabisa. Mwalimu, amka uchukue cheti chako."

Bibi akaifunua kanga, machozi yakimtoka. "Mwanangu, kumbe muda wote ulikuwa unatusikia tukikulilia?"

"Shikamoo, bibi," nikajibu.