Kodi ya Endebess

Khadijo alikuwa mkorofi, na hakuna mtu wa Kitale aliyemjua atakayebisha. Alizaliwa Bungoma, nyuma ya msikiti, akaolewa Kitale na Adow. Adow alipofariki, alimwachia mtoto, Salman, na duka la mahindi na maharagwe. Wanaume wa sokoni walidhani mjane ni mteremko. Wa kwanza kuonja alikuwa askari wa soko aliyetaka ushuru uingie mfukoni mwake bila risiti. Khadijo alimpiga jiwe la mizani mdomoni, jino likang'oka, damu ikamwagikia maharagwe. Maharagwe yale aliyaosha akayauza.

Ujeuri huo wa risiti aliufundishwa na Wanyoike, mzee mpole aliyewafanyia wafanyabiashara wadogo hesabu za kodi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fundi cherehani.

"Mama Salman," alimwambia siku ya kwanza, "serikali inatoza faida, haitozi mauzo. Gunia ulilonunua, gari ulilokodi, pango la duka, yote yanatolewa kwanza, lakini lazima yawe na risiti. Hata kama mwaka umekuwa mbaya, leta hesabu kabla Juni haijaisha, la sivyo utapigwa faini. Na kodi inalipwa benki. Mtu akitaka umpatie kwa mkono bila karatasi, huyo ni mwizi, si ati ni serikali."

Neno hilo la mwisho Khadijo alilimeza lote.

Mwishoni mwa mwaka 2006 alikwenda Endebess kununua mahindi. Siku hizo Mlima Elgon ulikuwa hauna amani. Vijana wenye bunduki walishuka kutoka msituni wakawatoza watu kodi yao wenyewe, ya shamba, ya ng'ombe, hata ya gunia. Aliyekataa alipigwa, na wengine hawakuonekana tena. Khadijo alikuwa akishona magunia ghalani kwa Chesang, mkulima aliyemuuzia mahindi miaka yote, vijana watatu walipoingia. Khadijo na Chesang wakaamriwa walale chini. Chesang alichelewa kidogo tu, kitako cha bunduki kikamvunja taya.

"Kila gunia lina kodi," alisema mkubwa wao.

Khadijo alitoa pesa zote. Aliogopa kufa, akamfikiria Salman. Lakini pesa zilipotoka mkononi, mdomo ukamponyoka kwa mazoea tu.

"Na risiti?"

"Ati nini?"

Angenyamaza hapo. Hakunyamaza.

"Mkichukua kodi, toeni risiti. Kama hamna, nyinyi ni wezi tu."

Washenzi wale! Mmoja alimkalia mgongoni, mwingine akamvua ushungi, na mkubwa wao akachomoa kisu akamkata sikio la kushoto, bila haraka, huku akimuuliza kama sasa anasikia vizuri. Alipomaliza alilitupa kwenye mahindi, wakaenda zao. Khadijo alirudi Kitale ameketi juu ya magunia yake, damu ikimtiririka shingoni. Kidonda kilipopona, ushungi ulikificha, na hakuwaambia watu wa sokoni.

Juni iliyofuata alimpelekea Wanyoike karatasi zake. Mzee alizipitia moja moja, kisha akakuna kichwa.

"Mama Salman, hizi pesa za Endebess, risiti iko wapi? Bila risiti zitahesabiwa ni faida yako. Utazilipia kodi."

Khadijo hakuwahi kumwonyesha mwanamume asiye wake kichwa chake. Siku hiyo alifungua ushungi.

Wanyoike alishika meza kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

"Mungu wangu. Ni mimi nilikuambia."

"Ni wewe."

"Na hata hivyo, mama, risiti hiyo watu wa kodi hawataikubali."

"Najua. Wewe hesabu tu."

Mzee akahesabu, pamoja na pesa zile zilizoporwa. Khadijo alifunga ushungi wake, akamwekea ada yake mezani. Wanyoike akaisukuma imrudie. Khadijo akaisukuma tena upande wa mzee, kwa nguvu, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe risiti," alisema.