Nyumba ya Mlango Mmoja

Sisi tuliokulia Shinyanga mjini enzi za nyumba za matofali ya tope, tulijua kwamba nyumba ni uani. Vyumba vilikuwa vya kulala tu. Uani ndiko mama alikosongea ugali, ndiko michembe ya viazi ilikoanikwa kwenye mkeka, na ndiko tulikochezea kombolela mpaka mmoja wetu ajifiche ndani ya pipa la maji, achapwe akiwa bado anachuruzika.

Siku nizikumbukazo zaidi ni zile alizokuja bibi, mama yake mama, kutoka Ushirombo. Kwetu Wasukuma, mwanamume hakai pamoja na mama mkwe wake, achilia mbali kula mbele yake. Kwa hiyo bibi akifika kibarazani alikohoa kwanza. Baba akikisikia kile kikohozi, hata kama ana tonge mkononi, alitokea mlango wa nyuma. Siku moja alitoka na bakuli la mlenda, mama akampigia kelele, "Baba Masanja, bakuli hilo la wageni!" Masanja ni mimi. Baba hakugeuka. Heshima ya siku hizo ilikuwa na mbio.

Kazi yetu watoto ilikuwa kupeleka salamu. "Mwambie mayu, mwadila," baba alimsalimu mama mkwe wake kwa Kisukuma, akiwa nyuma ya ukuta. Bibi alikuwa amekwisha kuisikia sauti yake, lakini alingoja mpaka sisi tumfikishie, ndipo aitikie. Walipendana hivyo miaka yote, ukuta ukiwa katikati, na sikuwahi kusikia wamegombana.

Waulize vijana wa leo kuhusu maghorofa yanayoota katikati ya mji. Watakusifia vioo vya bluu utadhani jua la Shinyanga wanalisikia redioni. Kinyozi wangu aliniambia, "Mzee, uani ni kupoteza kiwanja." Mama muuza karanga aliyekuwa mlangoni akadakia, "Na msiba ukija, turubai mtalifunga kwenye ngazi?" Kinyozi akajibu kwamba watakodi ukumbi. Kweli vijana hawa wana mpango wa kila kitu, ila jirani wa mlango wa pili hawamjui jina.

Nisiwacheke sana, maana kosa kubwa ni langu. Mjenzi alichukua kiwanja alichoniachia baba kwa makubaliano kwamba nitapewa fleti ghorofa ya tatu. Akaniletea michoro miwili nichague. Wa kwanza ulikuwa na jiko kwa nyuma, lenye mlango wake wa kutokea. Wa pili ulikuwa na jiko la wazi, limeungana na sebule, mlango mmoja mkubwa, na roshani yenye nguzo kama za wanunuzi wa dhahabu kule Geita. Mke wangu, Mama Kabula, alikuwa anapika uani, hatua kumi kutoka nilipokaa. Sikumwita. Niliona ramani ni mambo ya wanaume. Nikatia saini mchoro wa nguzo.

Hatujamaliza miezi miwili ndani ya fleti, mkwe wetu, mume wa binti yetu Kabula, akaja kutusalimia bila taarifa. Nikafungua mlango kwa furaha. Mama Kabula alikuwa amesimama pale jikoni na mwiko mkononi, kila kitu wazi, na mlango pekee wa kutokea, pamoja na njia ya vyumbani, umezibwa na mkwe. Mkwe akageukia ukuta. Mama Kabula akakimbilia roshani, akavuta mlango wa kioo nyuma yake. Ilikuwa saa nane mchana. Ugali ukaungua, mkwe akanywa soda kwa mikupuo mitatu ili aondoke, na mimi, badala ya kumsindikiza upesi, nikaanza kumwonyesha vioo. Nilimwonyesha vyumba vyote. Mke wangu alisimama juani karibu saa nzima.

Mkwe alipoondoka, Mama Kabula aliingia akijifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Baba Kabula, ungeniuliza tu," alisema. "Nisingeomba ghorofa. Ningeomba mlango."

Kesho yake asubuhi alifunga mzigo, akaenda kwa mdogo wake, kule Masumbwe. Alisema atarudi nyumba ikiwa na pa kupita.

Niliita fundi atoboe ukuta wa jikoni. Akaugonga gonga kwa nyundo, akacheka. "Mzee, ukuta huu ndio umewabeba wenzako wa juu. Tukiutoboa, wakwe wa jengo zima watakutana sebuleni kwako."

Basi nikaenda Masumbwe. Nilimkuta uani kwa mdogo wake, amekaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Nilikosea. Sikukosea mlango tu. Nilikosea kutokukuita."

"Ulikosea kweli," akasema, akanisukumia ungo wa karanga nichambue. Kuhusu kurudi, siku hizi simuulizi. Kila Jumamosi naenda, nachambua, nakula, jioni narudi.

Baba yangu alijenga nyumba ya tope, iliyovuja kila masika, akaishi na mke wake humo hadi mwisho. Mimi nina ghorofa ya tatu, nguzo nne na vioo vya bluu, na nikitaka kumwona mke wangu napanda basi.