Mayai Niliyoyaosha

Kuku akishataga, lazima mtaa mzima ujue. Jana asubuhi kuku wa jirani yangu hapa mtaa wa Hai Malakal, Juba, alianza ko-ko-ko-kooo nikiwa natoka kwenda kazini, nikajikuta nimesimama tu langoni kama niliyesahau kitu. Niwaambie kwa nini, lakini msiniharakishe. Hadithi hii sijawahi kuimaliza mbele ya mtu.

Nilikuwa na miaka kumi mimi na mama tuliporudi Juba kutoka Nakuru. Kurudi ni neno la mama. Mimi nilizaliwa huko, kwa hiyo nilikuwa nafika. Watoto waliniita Mkenya kwa sababu Kiarabu cha Juba kilinishinda. Mama naye, rafiki zake wa usichanani wengine walikuwa wamekufa, wengine wametawanyika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumchekesha: Mama Sanyu, Mganda mnene mwenye kibanda cha chapati karibu na stendi ya boda. Alikaanga mayai akayakunja ndani ya chapati, na mayai hayo yalitoka kwetu. Jioni akishafunga alikuja kukaa na mama uani, wakavua viatu, wakasengenya mtaa mzima kwa Kiswahili. Mama alikuwa na kicheko cha kama kukohoa, kinaanza polepole halafu hakizimiki. Hakumchekea hivyo mtu mwingine.

Tulikuwa na kuku saba wa kienyeji. Mmoja, mweusi, alipoanza kuatamia, Mama Sanyu alimfundisha mama kuyachora mayai yake msalaba kwa makaa, maana kuku wengine hawana adabu, wanaingia kutaga kwenye kiota cha mwenzao. "Iko na msalaba, acha. Hapana msalaba, uza," alisema, na hata mimi niliyedhani mayai yanatoka dukani nikaelewa. Kazi yangu ilikuwa kuchukua yasiyo na alama kila asubuhi na kuyapeleka kibandani. Mama alisema chema chajiuza, kwa hiyo niliyafuta kwa kitambaa kwanza, na Mama Sanyu aliyainua juani akisema, "Eh, huyu mtoto! Safi sana!" Niliishi kwa ajili ya hiyo "safi sana".

Jumamosi moja mama alikwenda matangani Hai Jalaba. Nilipoinama kiotani nilikuta yai moja limevunjika, kiini kimeyapaka mengine yote, na sisimizi wameshapanga foleni. Kuku mweusi alikuwa ametoka kunywa maji. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha usafi wangu. Nikayatoa yote, nikayatia kwenye beseni la maji ya sabuni, nikasugua mpaka yakang'aa. Nilipoyapanga juani ndipo nilipoona kwamba misalaba yote imekwenda na maji. Mungu wangu! Nikajipa moyo kwamba nitayakumbuka. Jamani, nani anakumbuka sura ya yai? Niliyageuza, nikayapima mkononi, nikachagua sita niliyodhani ni ya siku hiyo, mengine nikamrudishia kuku. Nikaenda kibandani nikiomba kimoyomoyo.

Mama Sanyu aliyasifu kama kawaida. Mteja alikuwa kijana mmoja mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege. Yai la kwanza lilikuwa zima. La pili Mama Sanyu alipolipasua, kilidondoka kifaranga chenye manyoya, kikajikunja kwenye mafuta ya moto. Harufu yake sitawaeleza. Kijana akaruka nyuma akipiga kelele, waendesha boda wakaja kuchungulia, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba Waganda wanatulisha mizoga. Mgeni kuambiwa hivyo mbele za watu, katika mji huu, si jambo dogo. Nami nilikimbia.

Jioni Mama Sanyu alikuja, na safari hii hakuvua viatu. Mama alikuwa ndio kwanza amefika kutoka matangani. Mgeni wake aliweka mfuko wa mayai yaliyobaki miguuni pa mama.

"Mama Poni, mimi nafundisha wewe mambo ya makaa. Makaa haiendi yenyewe. Nani nafuta, ndio auze mbovu?"

Mama aliyatazama mayai, kisha akanitazama mimi. Majirani walikuwa wameshajazana kwenye uzio. Habari yote ilikuwa mdomoni mwangu, yai lililovunjika, sisimizi, sabuni, na ulimi ukakataa.

"Ni mimi," mama akasema. "Nimefuta mimi. Malesh, dada, nisamehe."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kama iko na shida, si ungesema kwa mimi?" Mama Sanyu akageuka. Akaondoka.

Hakukanyaga tena uani kwetu. Kibanda kilikaa wiki chache bila wateja, halafu akapanda basi la Kampala. Mama hakunipiga, wala hakuniuliza neno. Jioni alikaa peke yake na viatu vyake miguuni, na kile kicheko hakikurudi.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeelewa. Mtoto hudhani mama huona kila kitu, kwa hiyo niliamini alijua kwamba ilikuwa bahati mbaya, akaibeba ili jina langu lisiharibike. Hapa jina baya la msichana humtangulia mpaka siku ya mahari. Nilimpenda sana kwa hilo. Sikulitaja, naye hakulitaja.

Mwaka juzi tulimzika. Baada ya maziko, mama mmoja wa kikundi chake cha maombi alinishika mikono yote miwili, akaniambia nisivunjike moyo, mama yangu hakuchoka kuniombea. "Kila Ijumaa, tangu ukiwa mdogo," alisema. "Ombi lile lile: Bwana, mwondolee Poni wangu tamaa ya kudanganya watu."

Kumbe mama hakujua. Jioni ile aliponitazama, aliona mtoto aliyefuta misalaba kwa makusudi ili auze mayai mabovu, na kwa ajili ya mtoto huyo akamwacha rafiki yake wa pekee aende. Miaka yote ile nililala nyumba moja naye, nikamsuka nywele, nikampikia uji alipougua. Ningeweza kusema siku yoyote.

Mama, yai moja lilivunjika. Nilikuwa nasafisha tu.