Sauti ya Pili kwa Mwitaliano

Huyo mwimbaji wa Kiitaliano nilimjua kuliko nilivyomjua bosi wangu. Nilimjua akiwa kijana mwembamba mwenye nywele tele kwenye jalada la kaseti, nikamjua na tumbo lake na suti nyeupe, nikamjua na mvi. Kazi yake yote ya kuimba, tangu ujana hadi uzee, ilikuwa imepangwa kwenye kabati la mama mzazi wa bosi, na mpangusa vumbi ni mimi.

Yule bibi tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi Roma, na huko ndiko bibi alikopata huo ugonjwa wa Mwitaliano. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa dawa, ilikuwa "Yalla, weka." Tena kwa mpangilio: unaanza na kaseti za ujana, na ole wako uruke moja. Tunazeeka naye mpaka adhuhuri.

Kosa nililifanya mwenyewe, tukiwa bado Riyadh. Mimi ni mtu wa kwaya. Ukilelewa kwenye kwaya ya kanisa huwezi kusikia wimbo unapita peke yake ukauacha. Lazima uutilie sauti ya pili. Siku moja napiga pasi, nikajisahau, nikaingia chini ya sauti ya Mwitaliano, maneno siyajui, mdomo nimefumba. Mama kabira akageuza shingo, akacheka, akapiga makofi. Nami nikafurahi, mjinga mimi!

Tangu hapo hakutaka mtu mwingine. Familia ilipohamia Jeddah, kwenye jumba la Al-Hamra, wafanyakazi wenzangu walirudishwa makwao, mimi nikabebwa pamoja na kabati. Mkataba ukaisha. Nikamwendea bosi, maana ndiye kafili wangu, mdhamini ambaye bila ruhusa yake sitoki nchini, nikaomba viza ya kutoka. Akasema, "Mama amekuzoea. Subiri kidogo." Hicho kidogo kikapita Ramadhani, kikapita Hija, kikaikuta Ramadhani nyingine. Na kwetu mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja. Kila Ijumaa nikipiga simu aliuliza neno lile lile: "Unakuja lini?" Nami namdanganya, mwezi ujao. Nilichoka, jamani. Hata hiyo sauti ya pili nikawa naiimba kama mtu anayeosha masufuria.

Alasiri moja televisheni ilionyesha tamasha la kumuaga yule mwimbaji. Alitokea akishikwa mkono. Akafungua kinywa, sauti ikamkwama katikati, watu wakammalizia wimbo. Mama kabira akaanza kulia, na kwa vile alivyolala chali machozi yakamwingia masikioni. Nikachukua kitambaa nikamfuta.

"Maskini, amechoka," akasema. "Kwa nini hawamwachi aende nyumbani kwake?"

Wallahi, hasira zilinipanda. Mtu ana majumba yake, anaimba kwa kupenda mwenyewe, na ndiye anayeliliwa!

"Na mimi je, mama?" nikasema, kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Mimi pia nimechoka. Mama yangu amelala kitandani kama wewe. Wewe nakugeuza mimi. Yeye anageuzwa na nani?"

Nikajua nimejiharibia, sasa hata simu nitanyang'anywa.

"Mama yako yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

Kwenye televisheni watu walikuwa bado wanashangilia; akaashiria nizime, nikazima. Kisha akaniambia nimpigie mwanawe. Nikambonyezea namba, nikamshikia simu. Nilimsikia bosi akibisha, akimtaja daktari, akiuliza nani atamhudumia, nyumba haina mtu mwingine aliyemzoea. Mama kabira akamkatiza.

"Halas, imetosha," akasema. "Mwache aende. Ana mama."