Mwili Mzima Isipokuwa Mikono

Arvilla Pruett alikuwa akitengeneza nywele katika mji wetu wa Indiana tangu enzi zile wanawake walipotaka vichwa visimame kama keki. Mimi nilikuwa naosha, yeye anakata na kupinda. Tulifanya hivyo miaka kumi na minne, na sijaona mtu mwenye mikono myepesi kama yake, wala mwenye mdomo mkali zaidi, nikijitoa mimi.

Kisha vidole vikaanza kumfa ganzi. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, baadaye kutwa nzima. Siku moja mkasi ulimponyoka mara mbili, na mara ya pili ukachoma sakafu karibu kabisa na kiatu cha mke wa mchungaji. Daktari akasema kuna mshipa umebanwa kwenye kifundo, mikono yote miwili. Upasuaji ni mdogo, dakika ishirini kila mkono. Asipofanyiwa, atafute kazi nyingine.

Sasa bima. Januari ya mwaka huo kampuni yake ilikuwa imepandisha ada mpaka akaihama. Fomu ya kampuni mpya iliuliza kama ana tatizo lolote la mwili. Wenye akili huandika hakuna. Arvilla akaandika: vidole hufa ganzi mara mojamoja. Barua ikarudi na maneno matamu. Wamefurahi kumpokea, wanamkatia bima mwili mzima isipokuwa mikono yote miwili, kuanzia kiwiko kwenda chini.

"Wamekuachia magoti," nikamwambia.

"Nitakata nywele kwa magoti?"

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa inakula chakula chake kila siku. Dewey Kessler aliendesha greda la kaunti, la theluji wakati wa baridi na la barabara wakati wa joto, na bima ya wafanyakazi wa kaunti ilikuwa haina mfano. Waliishi nyumba moja miaka kumi na tisa bila ndoa. Kila Pasaka Dewey alimposa, na kila Pasaka Arvilla alimkataa, kwa sababu alishaolewa mara mbili na hakuipenda hata moja. Lakini mke wa ndoa anaingia kwenye kadi ya bima ya mumewe. Hapa kwetu nawajua watano waliooana kwa ajili ya kadi, na hawana hali mbaya kuliko waliooana kwa maua.

"Shoga, olewa na Dewey," nikasema.

"Siolewi na kadi mimi."

"Kadi haikoromi. Olewa."

Akanitupia taulo.

Kiangazi hicho nchi nzima ilikuwa inagombana juu ya sheria mpya ya matibabu, na nyumba yao haikubaki nyuma. Dewey alitaka serikali impe kila mtu kadi. Arvilla alisema serikali iliyoshindwa kuziba shimo mbele ya saluni yake isiuguse mwili wake.

"Shimo hilo ni kazi ya nani, Dewey?" nikauliza.

"Yangu," akasema kwa unyonge.

"Ndiyo maana nasema!" akadakia Arvilla.

Mwezi wa Agosti mbunge alikuja kutusikiliza kwenye kituo cha zimamoto. Watu walijaa mpaka magari ya kuzimia moto yakatolewa nje. Mzee Orval Fenstermaker, mwenye magoti mawili ya chuma, akasimama akapiga kelele kwamba serikali itoe mkono wake kwenye matibabu.

"Orval, magoti hayo alilipia nani?" Dewey akamuuliza.

"Bima yangu ya wazee!"

"Na hiyo inatoka wapi?"

"Kwenye posta! Kadi ilikuja na posta!"

Watu wakacheka, maana bima ya wazee hulipwa na serikali hiyohiyo, na Orval naye akacheka bila kujua kwa nini. Ndipo Arvilla akainuka, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kisimponyoke, akaisoma barua yake yote mpaka kwenye viwiko. Ukumbi ulicheka. Upande wa Dewey ukapiga makofi. Upande wa Arvilla nao ukapiga makofi, maana wengi walikuwa na barua za namna hiyo kwenye droo. Mbunge akasema atalifuatilia. Nadhani bado analifuatilia.

Tulipotoka, Arvilla akamsimamisha Dewey kando ya gari, mbele yangu, akasema kwa haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, "Haya, tuoane."

Dewey akavaa kofia yake. "Pasaka kumi na tisa umenikataa mimi," akasema. "Leo umeikubali bima. Hapana, mama."

Akapanda gari akaenda zake.

Jumamosi Dewey alikuja kunyolewa kama kawaida, maana hata akinuna nywele haziachi kuota. Hawakusalimiana. Arvilla alimfunga shuka shingoni, akachukua mkasi, akauweka chini.

"Nisikilize, na usigeuke," akasema. "Wa kwanza niliolewa naye kwa sababu ya gari lake jekundu. Wa pili alijua kucheza dansi. Mara zote mbili nilisema ni mapenzi, na mara zote mbili nilikosea. Safari hii nasema ni bima. Huenda na hii nimekosea."

Mimi nilikuwa na kichwa cha Opal Rademacher ndani ya beseni. Nikafunga maji ili nisikie vizuri.

Dewey alijitazama kwenye kioo. "Jumatatu sina zamu," akasema.

Waliandikishwa kwenye ofisi ya kaunti kabla ya saa sita mchana, na saa nane Dewey alikuwa ofisini kwao na fomu ya kumwingiza mkewe. Oktoba wakapasua mkono wa kulia, Novemba wa kushoto. Dewey alichukua likizo kuja kusaidia saluni, na wanawake waliokuwa hawajaja tangu mwaka juzi wakaja ghafla, wamwone dereva wa greda akizungusha rola za kupindia nywele, za rangi ya waridi, kichwani mwa mtu huku Arvilla, bandeji mpaka vidoleni, akimfokea.

"Vuta! Hizo ni nywele, si tope!"

"Serikali yangu ingekuwa inalipia hii..."

"Serikali yako ilikuwa wapi Januari? Vuta!"

Kwa fujo hiyo walinogewa wote wawili.

Wiki ya kwanza bila bandeji, Arvilla alimkalisha Opal, akaingiza vidole vyote kumi kwenye nywele zake, akatulia. Akavipitisha tena polepole, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, macho ameyafumba.

"Opal," akasema, "umepungukiwa na nywele huku juu!"

Alisema kwa sauti, kwa furaha, mpaka waliokuwa chini ya mashine za kukaushia wakatoa vichwa.

"Bora ungebaki na ganzi," Opal akajibu, na kwa hasira hakutuachia hata senti ya bakshishi siku hiyo.